Seva ya Mafaili Shuleni: Nani Bawabu wa Mlango?

Katika shule zilizojaliwa kuwa na chumba cha kompyuta, bado ni jambo la kawaida kumwona mwalimu akizunguka na flashi mkononi, akichukua kazi za wanafunzi kutoka mashine moja na kuzipeleka nyingine. Flashi hiyo hubeba mafaili, na aghalabu hubeba virusi pia. Isitoshe, orodha moja ya alama hugeuka kuwa orodha tatu, na hapana ajuaye ipi ndiyo sahihi.

Dawa ya maradhi haya yajulikana tangu zamani. Kompyuta moja huteuliwa kuwa seva, yaani mtunzaji wa mafaili ya wote, na kompyuta nyingine huwa wateja wake. Maoni yangu ni kwamba kila shule yenye chumba cha namna hiyo yapaswa kuwa na seva yake yenyewe, iendeshwe na walimu na wanafunzi wake; na kwamba mlango wa seva hiyo usifunguliwe kamwe kuelekea nje ya ua wa shule. Atakaye la kwanza bila la pili, heri abaki na flashi yake.

Yafaa kwanza tuelewe mlango ni nini. Seva haimwiti mtu. Programu yake, inapoanzishwa, huomba mfumo endeshi uipe mlango wenye namba maalumu, kisha hukaa ikisikiliza. Namba hizo huanzia 0 hadi 65535, kwa kuwa zimetengewa biti 16. Wapo waiitao bandari. Lakini bandari ni ya meli na shehena, nasi hapa twazungumzia kitu kinachobishwa hodi. Mlango 21 ni wa FTP, kanuni ya kuhamisha mafaili ambayo mswada wake wa kwanza uliandikwa na Abhay Bhushan wa chuo cha MIT, Marekani, mwezi wa Aprili 1971. Mlango 445 ni wa SMB, kanuni itumiwayo na kompyuta za Windows kushirikiana mafaili.

Mteja atakapo faili hupeleka ujumbe mfupi ulio sawa na kusema hodi. Seva hujibu karibu. Mteja naye hurudisha jibu la tatu, kama mgeni mstaarabu wa mwambao asemaye nimekaribia, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa mlango ni mmoja, wanafunzi 40 huingiaje pamoja bila kusongamana? Jibu ni kwamba mlango wenyewe haukaliwi na mgeni yeyote. Kila muunganisho hutambulishwa kwa mambo manne, nayo ni anwani ya mteja, namba ya mlango wa mteja, anwani ya seva na namba ya mlango wa seva. Mawili ya mwisho ni yale yale kwa wote. Mawili ya kwanza, yakichukuliwa pamoja, hayalingani kwa wateja wowote wawili. Basi seva haiwachanganyi.

Lakini hodi ya mtandao haina sauti wala sura. Seva humkaribisha kila abishaye, kisha ndipo humwuliza jina na neno la siri. Ikiwa programu ina kasoro katika hatua hizo za mwanzo, mgeni mwovu hana haja ya kujua neno la siri lolote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2017. Programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita katika mlango 445 kwa kutumia kasoro ya toleo la kwanza la SMB katika Windows. Ilipoingia ilifumba mafaili kwa maandishi ya siri na kudai fidia, kisha ikaanza kubisha milango ya majirani. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, na huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba kasoro hiyo tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla.

Pamoja na hayo, wapo mafundi wanaomshauri mkuu wa shule afunguliwe mlango wa seva kwenye intaneti ili asome alama akiwa nyumbani. Akionywa, hujibu: nani atatujua sisi wa huku shamba? Hiyo si hoja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha, kwa programu yao ZMap, kwamba kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi yaweza kubisha mlango mmoja katika anwani zote za intaneti ya IPv4 kwa muda usiofika dakika 45. Abishaye hana haja ya kukujua.

Wengine husema heri tuyakabidhi mafaili yote kwa makampuni ya ng'ambo. Wana haki kusema kwamba makampuni hayo yana mabawabu wa kutosha. Lakini kifurushi cha intaneti kikiisha katikati ya kipindi, darasa zima hukaa likitazamana. Seva ya ndani haihitaji intaneti. Kompyuta kuukuu, programu ya bure kama Samba iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia, na anwani za faragha zianzazo na 192.168, ambazo hazipitishwi katika intaneti, zatosha.

Ndani nako kuna kazi. Mwanafunzi asome maandalio ya mwalimu, aandike katika folda yake, na folda ya alama asiione kabisa. Kumpa kila mtu ruhusa zote kwa sababu ndiyo njia ya mkato ni uvivu tu. Wala FTP ya zamani isitumike, maana hupitisha neno la siri wazi wazi, na kijana mdadisi aliye katika mtandao huo huo aweza kulisoma. Kijana huyo asiadhibiwe upesi. Mimi ningemwingiza katika kundi la watunzaji.

Watunzaji wenyewe wasipungue wawili, kwani mwalimu huhamishwa. Wawe na daftari linaloonyesha ni milango ipi inayosikiliza, kwa kazi gani, na kiraka cha mwisho kilitiwa lini. Nakala ya akiba ya mafaili iwekwe katika diski ya pembeni, ichomolewe kila inapokwisha kuandikwa, ifungiwe katika chumba kingine. Maana programu kama WannaCry hufumba pia diski yoyote iikutayo imechomekwa.