Dopamini peke yake haitoshi
Mwandishi, katika kueleza skizofrenia umeishia kwenye dopamini tu. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard, akiwemo Steven McCarroll, walionyesha kwamba aina fulani za jeni ya C4, ambayo ni ya mfumo wa kinga, huongeza hatari ya skizofrenia. Inaelekea seli za kinga zilizomo ubongoni hupogoa miunganiko ya neva kupita kiasi, hasa ujanani. Mdogo wangu alianza kuugua skizofrenia akiwa kidato cha nne, akifunika redio kwa blanketi ili isimsikie. Dawa za kuzuia dopamini zilinyamazisha sauti alizokuwa akizisikia, lakini uzito wa kufikiri na kujitenga vimebaki hadi leo. Na ninyi mnaoandika hapo juu kwamba wagonjwa hawa wamerogwa, jamani, maneno hayo hayo ndiyo yaliyomchelewesha kufika hospitali.