Ruhusa Si Haki



Yako maneno mawili ambayo watawala hupenda kuyachanganya, nasi huyapokea vivyo hivyo: haki na ruhusa.

Mteja anunuapo kilo ya mchele dukani kwangu haombi hisani. Kilo ile ni yake, na mizani yangu hukaguliwa kwa sheria nisije nikampunja. Chuoni nako tulisomeshwa sura nzima yenye jina la wapunjao. Nikimtilia konzi moja ya nyongeza, hiyo ni hiari yangu. Kesho nikiizuia hana pa kunishitaki. Ruhusa ya mtawala ni kama konzi ile.

Basi na tuutazame mkutano wa hadhara. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inautaja uhuru wa watu kukutana, na ya Muungano kadhalika. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ikakipa chama haki ya kufanya mikutano baada ya kuwapa polisi taarifa. Taarifa, si ombi! Juni 2016 mikutano ikapigwa marufuku, wala hapana kifungu kilichofutwa, amri ilitosha. Miaka sita na nusu ikapita. Tarehe 3 Januari 2023 Rais akatangaza kuiondoa marufuku ile, tukashangilia, na furaha yetu ilikuwa halali. Lakini jambo lililofungwa kwa kauli likafunguliwa kwa kauli, yaweza kuja kauli ya tatu.

Sheria haimlindi mtu aliyelala. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye kwa mengi hatukuwa naye, alikwenda Mahakama Kuu ya Dodoma kwa shauri la mwaka 1993 kupinga kibali cha polisi. Jaji Kahwa Lugakingira akaona kwamba vifungu vilivyomlazimisha raia kuomba kibali vinapingana na Katiba, akavibatilisha. Mchungaji yule hakuwa na jeshi. Alikuwa na hati ya madai na jaji aliyeisoma Katiba kama ilivyoandikwa.

Kwa hiyo kila tawi litoe taarifa yake kwa maandishi, lidai nakala iliyogongwa muhuri, na likikataliwa lidai sababu kwa barua. Neno la mdomo wakili hawezi kulipeleka kokote. Na nakala hizo zikae katika sanduku la tawi, zisibaki mifukoni mwa makatibu.