UKAGUZI BILA MFANYA KAZI NI NUSU YA UKAGUZI



Kila ikitajwa mipango ya kuwapatia vijana kazi, ugomvi huzuka. Wakubwa wa Nairobi husema kaunti zinakula fedha. Magavana nao hujibu kwamba Nairobi yataka kuwanyang'anya madaraka. Kila upande hulitaja jina la kijana asiye na kazi, lakini hakuna anayemwita mezani. Basi na sisi tuseme letu.

Kwanza, ukaguzi si adui wa kaunti. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na sisi twaunga mkono jambo hilo, kwa maana chuo kilicho karibu na watu chaweza kujua ni mafundi gani wanaotakiwa hapo. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 229, yamtaka Mkaguzi Mkuu aseme mambo mawili: kama fedha zimetumiwa kwa halali, na kama zimetumiwa kwa njia ya kufaa. Gavana anayelia akiulizwa hesabu, na alie. Fedha si zake.

Pili, wakubwa wa Nairobi wasitufanye watoto. Kazi Kwa Vijana ilipoanza mwaka 2009 kaunti hazikuwapo, na mwaka 2011 fedha zake zilileta zogo Bungeni. Kazi Mtaani ya 2020 pia ilikuwa ya Serikali Kuu. Katika awamu ya pili kijana alilipwa Sh. 455 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Hata angalifanya kazi siku 26 kwa mwezi, angalipata Sh. 11,830. Lakini amri ya mishahara ya 2018, iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilisema kibarua wa Nairobi, Mombasa au Kisumu asilipwe chini ya Sh. 13,572 na senti 90, kodi ya nyumba mbali. Na siku 26 hakuzipata, kwa sababu vijana walifanya kazi kwa zamu. Anayekagua wengine alikuwa analipa chini ya kima alichokiweka mwenyewe!

Ndiyo sababu twasema karatasi peke yake hazitoshi. Risiti zaweza kupangwa vizuri, sahihi zikawa mahali pake, na bado mtu akaibiwa jasho lake. Karatasi huonyesha kwamba fedha zilitoka. Mfanya kazi huuliza: Baada ya miezi sita, kijana ana kazi? Alilipwa kiasi gani, na siku gani? Kampuni iliyoshirikiana na kaunti ilimfundisha ufundi, au ilimfagilisha ghala bure miezi mitatu, kisha ikamwita mwingine? Ushirika wa wawili, huku wa tatu akibeba mzigo, si ushirika.

Wengine watasema chama kinajiingiza yasiyokihusu. Sivyo. Katika bodi ya NITA, inayosimamia mafunzo ya viwandani, wajumbe wa wafanya kazi huketi pamoja na waajiri na Serikali. Tena mwaka 1964 Serikali, waajiri na vyama vilipatana kuwaongezea watu kazi: Serikali asilimia 15, waajiri asilimia 10. Sisi tulitoa chetu: kwa mwaka mmoja tusidai nyongeza wala tusigome. Anayetoa ana haki ya kuhesabu.

Kwa hiyo twadai:

1. Kila kamati ya kaunti na makampuni juu ya kazi za vijana iwe na mjumbe wa vyama vya wafanya kazi.

2. Kila mpango utangaze hadharani idadi ya walioingia, waliopata kazi ya kudumu, na mshahara wao.

3. Shilingi ya umma isimlipe mtu chini ya kima cha sheria, iwe imetoka Nairobi au kaunti.

Katiba yalipa bunge la kaunti miezi mitatu kuijadili ripoti ya Mkaguzi Mkuu baada ya kuipokea. Matawi yote, ulizeni siku ya mjadala, tumeni wajumbe, wakae pale wasikilize, na warudi kuwaeleza wenzao. Ripoti isiyosomwa na mwenye jasho huliwa na mchwa kabatini.

UMOJA NI NGUVU!