Sauti za wazee wa Ituri zihifadhiwe kabla ya kulegezwa

Mkaaji yeyote wa Bunia aliyekua na redio ya kaseti anajua kilichotokea betri zilipoanza kuisha. Sauti ya mwimbaji ilizama kidogo kidogo, gitaa likalegea, kisha wimbo ukazimika. Betri zilitolewa, zikaanikwa juani, zikajaribiwa tena. Leo vijana wanaotengeneza mziki kwa kompyuta wanaitafuta sauti ileile kwa makusudi.

Hawahangaiki kuipata. Programu ya FL Studio, inayotengenezwa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ina kifaa kiitwacho Gross Beat ambacho kinaiga mkanda unaopungua mwendo. Kabla ya kiitikio mziki wote unashuka, unanyamaza, halafu ngoma inaingia kwa nguvu. Mbinu yenyewe ni ya zamani: katika miaka ya 1990 DJ Screw wa Houston, Marekani, alijipatia jina kwa kaseti za nyimbo zilizolegezwa.

Kijana akilegeza sauti yake mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Shida inaanza pale sauti ni ya mtu mwingine.

Mkanda ukipita kwa nusu ya mwendo wake, wimbo wa dakika 3 unachukua dakika 6, na sauti inashuka oktava nzima. Mama anaweza kusikika kama baba. Kompyuta, tofauti na mkanda, inaweza kurefusha wimbo bila kushusha sauti. Kwa hiyo anayeishusha ameamua mwenyewe. Hawezi kusingizia betri. Na wako wanaolegeza wimbo mzima wa mwenzao ili mitambo ya YouTube isiutambue. Huo ni wizi uliovalishwa nguo ya usanii. Sheria ya Kongo, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mtunzi: kazi yake hainakiliwi wala haibadilishwi bila ruhusa yake.

Lakini hasara kubwa zaidi iko ndani ya nyumba za watu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita katika msitu wa Ituri akirekodi nyimbo za Wambuti na majirani zao. Kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya mziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Na zile kaseti za harusi, za kwaya, za wazee wakisimulia asili ya ukoo, nani anazihifadhi hapa Bunia? Vita vya 1999 hadi 2003 vilikimbiza familia nyingi bila kubeba kitu. Zilizobaki zinaliwa na unyevu na vumbi.

Kijana anayepata kaseti ya namna hiyo na kukimbilia kuilegeza anaharibu ushahidi. Hata redio mbovu inayozunguka polepole inatoa nakala ya uongo, na mjukuu ataamini kwamba babu yake aliimba hivyo. Kaseti imetengenezwa ipite sentimita 4.76 kwa sekunde, na mashine iangaliwe kwanza kwa kaseti ya wimbo unaojulikana. Kichwa chake kisafishwe kwa alkoholi, umeme uwe imara, pande zote mbili zirekodiwe bila kuongeza chochote. Jina la mwimbaji, kijiji, lugha na mwaka viandikwe. Nakala hiyo iwekwe kando. Nyingine ndiyo ichezewe, kwa ruhusa ya mwenyewe au ya familia yake.

Kazi hii haihitaji mamilioni. Redio Candip, iliyozaliwa ndani ya ISP Bunia, pamoja na makanisa na studio za mjini, wangeweza kupanga siku moja kila mwezi ambapo wakaaji wanaleta kaseti zao na vijana wanazihamisha kwenye kompyuta. Vijana wangepata sauti ambazo hakuna programu inayoziuza, na familia zingerudi nyumbani na sauti za watu wao zikiwa salama.

Kompyuta inaweza kulegeza wimbo leo, kesho au baada ya miaka 20. Kaseti iliyooza haisubiri.