Arusha, jiji la mito: anayekunywa maji upande wa chini ni jirani yetu

Ukitaka kuifahamu historia ya Arusha, anza na majina ya mahali. Themi ni jina la mto kabla ya kuwa jina la kata. Ngarenaro, katika lugha ya Kimaa, ni maji meusi. Ngaramtoni hubeba neno lile lile la maji, na Ngare Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, ni maji mekundu. Wazee waliotoa majina haya walitaja kile kilichowawezesha kuishi. Sisi warithi wao tumeyahifadhi majina, lakini maji yenyewe tumeyageuzia kisogo.

Miji mingi duniani imezaliwa na mito. Wuhan, nchini China, ulikua pale mto Han unapoingia katika Yangtze. Mto ukauletea biashara, na mwaka 1931 mto huo huo ukaufunika kwa mafuriko makubwa. Wakazi wa mji wa namna hiyo hawawezi kuusahau mto, maana ni mpana na hubeba meli. Themi, Naura, Goliondoi na Burka ni mito midogo. Wakati wa kiangazi mtu huivuka bila kukunja suruali, na pengine ndiyo sababu tumeizoea hata kuidharau.

Hata hivyo, bila mito hiyo Arusha isingekuwapo. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, hukinga mawingu, na misitu yake huyahifadhi maji na kuyatoa polepole kwenye chemchemi. Wameru walilima miteremko ya mashariki. Katika miaka ya 1830 Waarusha walipanda kutoka Arusha Chini na kufanya makazi upande wa kusini magharibi. Walichimba mifereji, wakagawana maji kwa zamu, na wazee wakaamua ugomvi wa wale waliozuia sehemu ya jirani. Ilikuwa sheria ya maji kabla ya kuwepo ofisi yoyote ya maji.

Wajerumani walipojenga boma lao, lililokamilika mwaka 1900 kwa jasho la wenyeji walioshurutishwa, mji mdogo ukaanza kuota kando ya mito hiyo. Mashamba ya walowezi yakauzunguka mlima, yakachukua ardhi nzuri pamoja na maji yake. Mwaka 1929 reli ikafika kutoka Moshi. Mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, familia za Wameru ziliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Historia hii si ya kupita juu juu, kwa sababu tutaihitaji tutakapozungumzia wanaoishi leo kwenye kingo za mito.

Baada ya Uhuru, jina la Arusha lilivuka mipaka. Azimio la mwaka 1967 lilibeba jina hilo. Makubaliano ya amani ya Rwanda yalitiwa sahihi hapa mwaka 1993. Na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi hapa tarehe 30 Novemba 1999. Mataifa yamekuja Arusha kutafuta haki na upatanisho. Sasa jiji linajiandaa kwa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, zinazoandaliwa na Tanzania pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja wa watazamaji 30,000 unajengwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 416,000 katika jiji hili. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 617,000. Ukuaji huu ni baraka, nao una deni lake.

Deni hilo tuliliona kwa machozi mwezi Aprili 2024, gari lililobeba wanafunzi liliposombwa na maji ya mvua katika korongo upande wa Muriet, na watoto wakapoteza maisha. Ni rahisi kusema kwamba mvua ilikuwa kubwa. Lakini maji yanayoteremka Meru hayakubuni njia mpya. Yanafuata mikondo yao ya kale. Sisi ndio tuliojenga juu ya mikondo hiyo, tukaziba mitaro kwa chupa na mifuko, na kusakafia ardhi iliyokuwa ikinyonya mvua.

Hesabu haiishii mjini. Themi hushuka hadi mto Kikuletwa, nao Kikuletwa huingia katika bwawa linaloitwa Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo maji huwa mto Pangani, huzungusha mitambo ya umeme na kufika Bahari ya Hindi. Kando ya njia hiyo yupo mama anayemwagilia mchicha atakaotuuzia sokoni, mfugaji anayenywesha ng'ombe na mvuvi anayetupa wavu bwawani. Taka na maji machafu tunayoyatupa Themi usiku yanasafiri kuwaelekea watu hawa. Ni aibu kwa mji wa waamini kupeleka uchafu wake katika bwawa lenye jina hilo.

Mwalimu wa sheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Kwa mkazi wa Arusha, sehemu ya jibu ni hii: jirani ni yule anayeishi upande wa chini wa mto. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila binadamu, na kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Katika miteremko ya Meru fundisho hili lina uzito wa pekee, maana baadhi ya chemchemi zetu zina floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Maji yanayofaa kunywewa si mengi kiasi cha kuyachezea.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria njema, nayo itekelezwe. Lakini hapa ndipo dhamiri inapopimwa. Katika maandalizi ya sherehe kubwa, jiji huweza kushawishika kuwaondoa haraka maskini waliopanga chumba bondeni kwa kukosa pengine, huku ukuta wa mwenye uwezo ukiachwa umesimama mtoni. Mkoa uliopitia Ngare Nanyuki unajua uchungu wa kuondolewa bila kusikilizwa. Mita 60 ziwe mita 60 kwa wote. Na asiye na pa kwenda apewe taarifa mapema, asikilizwe na kusaidiwa kupata mahali salama. Kuulinda mto kwa kumdhulumu maskini ni kutenganisha kile ambacho Kanisa linafundisha kuwa ni kimoja.

Serikali ina wajibu wake, nasi tunao wetu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinafahamu kila nyumba katika mtaa. Zinajua nani hana choo, nani hamwaga taka pazuri, na ni korongo gani watoto huvuka kwenda shule. Jumuiya ichague sehemu moja ya mto iliyo karibu nayo, iisafishe, ipande miti ya asili na kuitunza mwaka mzima, si siku ya kupiga picha tu. Wazazi na walimu wakubaliane njia salama kabla ya masika. Na katika kitubio tukumbuke pia yale tuliyoyatupa gizani, tukidhani hayana mwathirika kwa kuwa hatumfahamu anayekunywa maji hayo.