Bitana Isiwe Maficho ya Kutu

Madereva wengi wa pikapu siku hizi wanapenda kuvisha bodi ya nyuma bitana ya kuilinda. Ni fikira njema. Bodi ya gari la askari haina siku ya mapumziko: hukanyagwa na mabuti, hukwaruzwa na masanduku, hunyeshewa usiku wa doria. Lakini kulinda bati ni jambo moja, na kulifunika ili lisionekane ni jambo jingine. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Tutazame hapa Rubona, kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi. Gari linalofanya kazi kando ya Ziwa Kivu lina maadui watatu. Wa kwanza ni jiwe jeusi la volkano, lenye makali ya kuchubua rangi kwa mguso mmoja. Wa pili ni mchanga wa jiwe hilo, ambao hupenya kila penye mwanya. Wa tatu ni maji: ya masika, ya vuli, na yale yanayochuruzika kutoka kwenye sambaza gari linapotumwa ufukoni kuchukua mboga ya kikosi.

Bitana zinazojulikana sana ni za aina tatu. Iko ya plastiki ngumu, iliyofinyangwa kama beseni kwa umbo la bodi. Hufungwa upesi na huzuia vishindo vizuri. Lakini mzigo huteleza juu yake, na mchanga na maji huingia chini yake. Gari likitikisika barabarani, mchanga ule hugeuka msasa, ukala rangi, kisha kutu ikaanza kazi yake kimya kimya. Masika moja nilishuhudia bitana ya namna hiyo ikiinuliwa katika gari lililosifiwa kwa unadhifu. Chini yake palikuwa na tope jeusi, na fundi alipobonyeza bati, kidole kilitokeza upande wa pili.

Iko pia bitana ya kupuliza, ambayo hushikamana na bati lenyewe na kukauka kama ngozi ngumu. Hii haiachi mwanya, ila ni ghali na inahitaji fundi mwenye subira. Akiipuliza juu ya kutu au mafuta, amefanya kazi bure, kwani kutu itaendelea chini yake na ngozi ile itabanduka. Mwisho uko mkeka mnene wa mpira. Haulindi kuta za bodi, lakini hauruhusu mzigo kuteleza, na askari wawili wanaweza kuuinua, kuuosha na kuuanika.

Maoni yangu ni haya: pasipo na fundi hodari wa kupuliza, mkeka wa mpira utangulie. Beseni la plastiki lichaguliwe tu pale ambapo mkuu wa magari ameweka zamu ya kuliinua na kusafisha chini yake. Na bitana yoyote itakayotiwa, kwanza bodi ioshwe na ikaushwe, kutu iparuzwe mpaka bati jeupe lionekane, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Matundu ya kutolea maji yasizibwe. Likitobolewa tundu la skrubu, ukingo wake upakwe rangi kabla ya kukaza.

Ndugu askari, liko jambo zito kuliko kutu. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilionya juu ya moto unaozuka watu wanapojaza petroli katika madumu yaliyo ndani ya pikapu zenye bitana ya plastiki. Petroli ikimiminika huzaa umeme. Plastiki huuzuia umeme huo usishuke ardhini, hivyo hujikusanya kwenye dumu, hasa la chuma, na cheche moja yatosha. Kwa hiyo dumu lishushwe chini kabisa, na mdomo wa pampu uguse dumu muda wote wa kujaza. Asiwepo afande wala kuruta wa kusema ana haraka.

Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Goma kuja Rubavu kwa siku chache. Siku ya namna hiyo haipigi hodi. Bodi iliyooza chini ya bitana inayong'aa haitabeba majeruhi wala maji ya wakimbizi. Gari ni mali ya umma, nasi tumekabidhiwa tu. Basi kila tunapokagua gari tusiishie kutazama juu. Tuinue bitana tuone kilicho chini, maana usipoziba ufa, utajenga ukuta.