Karata za Ukambani: Nani Awe Mzungu wa Nne?

Mwanafunzi wa Kiswahili anayezitaja ngeli zote bila kusita aghalabu hukwama anapoulizwa majina ya karata. Nilipowajaribu wenzangu wa uzamili, walinijibu "maua", "jembe" na "dayamondi". Kopa, uru, pau na shupaza, majina yaliyotujia kutoka Kireno pamoja na turufu na neno karata lenyewe, wengi wao hawakuyajua.

Swali hilo lilizuka kwa sababu ya rafiki yangu mmoja, mchoraji mzaliwa wa Makueni, aliyeazimia kubuni karata zenye sura ya Ukambani. Nia yake ni kuwauzia wakusanyaji wa ng'ambo na wachezaji wa nyumbani pia. Katika rasimu yake ya kwanza aliziondoa alama zote nne, akaweka kiondo, mzinga, embe na chungu. Michoro ilipendeza. Hata hivyo, nilimwambia waziwazi kwamba amepotoka.

Twende Wote au Kitui mjini, tuwatazame vijana wa bodaboda wakisubiri abiria. Huucheza mchezo wanaouita kadi: mbili na tatu humlisha mwenzako, J humruka, K hurudisha zamu nyuma, hadi mmoja anaposema "niko kadi!" Mkononi karata hupangwa kama upepeo, na kinachoonekana ni pembe tu. Embe na chungu havitambuliki kwa jicho la mara moja. Karata zisizochezeka hapo zitabaki kuwa picha za kabatini, na sidhani kwamba mkusanyaji makini atazithamini kuliko zile ambazo watu wa mahali penyewe wamezichezea. Alama zibaki, na majina yake ya Kiswahili yachapwe kando yake.

Kiondo nacho kina mahali pake, nako ni mgongoni. Mgongo wa karata sharti ufanane ukigeuzwa juu chini, la sivyo mdanganyifu atazijua karata alizozigeuza. Mistari ya kiondo, inayozunguka na kujirudia, yafaa mno kwa kazi hiyo.

Ugumu hasa umo katika karata za watu. Waswahili waliziita wazungu: mzungu wa pili ni malkia, wa tatu ni kijana, wa nne ni mfalme. Hesabu hiyo ni ile ile ya michezo ya Kireno, ambamo mfalme ana alama nne na malkia mbili. Mzungu wa nne mimi ningempa Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui aliyeongoza misafara hadi Mombasa na kumpokea Krapf mwaka 1849. Lakini Syokimau, nabii anayesimuliwa kuwa aliiona reli kabla haijaja, tumweke chini ya kijana? Rafiki yangu alikataa katakata. Nilimkumbusha kwamba katika kadi Q ni karata ya swali, na anayeitupa sharti itolewe ya kuijibu. Hapo alinyamaza, kisha akaanza kuchora.

Najua wapo watakaosema kuwa karata ni kamari. Matapeli wa karata tatu katika vituo vya mabasi wametuponza sana, nakiri. Ila neno halitupwi kwa sababu ya tapeli.

Limebaki suala la herufi za pembeni. Tulitaka kuziondoa J, Q na K, tukagundua kwamba mfalme, malkia na mzungu wote huanza kwa M. Tukiandika 2, 3 na 4, zitagongana na karata za tarakimu. Mwenye rai atuandikie.